Analala Wapi Maliro?

Siku ile walikuwepo watu wazima wanne na mtoto mmoja. Alikuwepo Nasiba mwenye birika la kahawa, na mtoto wake Sikitu mgongoni. Alikuwepo mume wake Asumani, aliyekuwa dereva wa kamiyo, lori lake mwenyewe, mpaka Basimba, wale waasi, walipoichukua, kisha askari wa serikali wakaichukua kutoka kwa Basimba, na hakuna aliyekumbuka kumrudishia mwenyewe. Alikuwepo Apollinaire, ambaye watu wote walimwita Redio kwa sababu ya habari zake, ingawa redio yenyewe ilienda njia moja na ile kamiyo. Na alikuwepo mzee Ézéchias, jina lake la kijiweni Kapita. Wakati wa Wabelgiji aliwasimamia watu wa kutengeneza barabara, na hata leo hawezi kuona shimo akanyamaza. Walikaa juu ya ubao uliolazwa kwenye mawe mawili, mbele ya duka la Nassoro lililoungua, pale Butembo kwenye njia ya Kayna. Ukungu ulikuwa haujapanda bado. Hakuwepo Maliro.

Maliro alikuwa fundi wa mapaa, Mkatoliki, mtu mrefu asiye na maneno mengi. Yeye na Asumani walianza kukimbia pamoja mwaka wa Dipenda, mwaka wa uhuru. Siku ya sikukuu kulikuwa na mashindano, na wao wawili walifika mwisho kabisa, wakakuta watu wote wameshaenda kula. Wakacheka mpaka wakakaa chini. Kesho yake wakakutana hapa kwenye ubao, wakakimbia mpaka darajani na kurudi, na tangu siku hiyo hawakuacha, isipokuwa miezi ile ambayo watu wote walikuwa wanakimbia kwa sababu nyingine.

Maliro ndiye alikuwa na mbio. Lakini hakumwacha mwenzake. Alikuwa akitangulia, akifika mbali anageuka, anarudi mpaka anakutana na Asumani, anamgusa bega, kisha anatangulia tena. Kwa hiyo barabara ile ile Maliro aliikimbia mara mbili, na hakuwahi kulisemea jambo hilo.

Nasiba alikuwa anayaona mambo kama hayo. Mwezi wa Ramazani aliwaona wakipita kwenye chemchemi, na Maliro, ambaye hafungi, akapita bila kunywa. Nasiba alipomuuliza, alisema hana kiu. Alisema hana kiu mwezi mzima.

Sasa tangu ile mvua ya upepo, wiki chache zilizopita, Maliro hakuja. Kila asubuhi Asumani alifunga viatu vyake vya turubai, akatoka nyumbani, akaja kukaa kwenye ubao. Alikaa na viatu vimefungwa mpaka jua likawa kali, kisha akavifungua.

— Mama Sikitu, weka kahawa, alisema Kapita. Na leo hayiko?

— Hayiko, Muzee, alijibu Nasiba.

— Na wewe Asumani, huendi?

— Niende na nani?

— Na miguu yako.

— Muzee, we unajua vizuri. Mutu mumoja anakimbia, basoda banasema ni mwizi ao ni Simba. Batu babili, banasema ni michezo.

Hilo lilikuwa kweli, na hata kwa wawili halikukubalika siku ya kwanza. Vita vilipotulia, Maliro na Asumani waliporudi kukimbia mara ya kwanza, walishuka mbio kupitia sokoni. Mama mmoja akawaona, akabeba mtoto, akakimbia. Wa pili akamwona wa kwanza. Kufumba na kufumbua soko lilibaki na mbuzi peke yao, na watu wengine walilala porini usiku ule. Komanda aliwaita wale wawili, akawatukana, mwisho akacheka. Akawaambia kama wanataka kukimbia, wakimbie wakipiga kelele. Tangu hapo walipita wakiimba kwa zamu, “Ni sisi tu! Hakuna kitu! Ni sisi tu!” Watoto wa njiani wakawaita Hakuna-Kitu, wote wawili jina moja.

— Mi najua kwenye alienda, alisema Redio.

— We unajuaka yote, alisema Kapita.

— Alienda Uganda. Kasese. Kule kuko Muhindi mumoja anatafuta batu ba mbio. Anabapatia viatu vya misumari chini, na mayai kila asubuhi.

— Mayai ya nini?

— Ya kula, Muzee! Mukimbiaji wa kweli anakulaka mayai.

— Lokuta, uongo mutupu. Mi nilikuwa na batu mia kwa barabara, banabeba mawe kutoka asubuhi, na hakuna alikula yai.

— Njo maana barabara yenyewe iko namna ile.

Kapita aligeuka kuitazama barabara, akaona shimo, akaguna. Hata Asumani alitaka kutabasamu, lakini mdomo ulichoka njiani.

— Maliro hawezi kwenda Kasese bila kuniambia, alisema.

— Mais, lakini angekuambia ungemukataza.

— Ningemupatia viatu vyangu.

Nasiba alimimina kahawa. Alimtazama mume wake, na moyo ukamuuma. Jana alimfuata kwa mbali bila yeye kujua. Alimwona amefika kwenye njia, akatazama huku na huku, akaanza kukimbia, hatua chache tu, kama mtoto anayejaribu maji kwa mguu. Kule kwenye bariyeri, kizuizi cha njia, askari mmoja akasimama. Asumani akaacha kukimbia, akatembea, akajifanya anatafuta kitu kilichoanguka. Nasiba alirudi upesi ili asimkute pale. Mtu aliyenyang'anywa kamiyo alikuwa amebakiwa na ile mbio ya asubuhi, na rafiki wa kukimbia naye. Usiku Asumani alikuwa halali. Alisikiliza tu.

— Sikilizeni ya kweli, alisema Kapita. Redio ya basoda kule Lubero iliharibika. Sasa komanda wa kule anatafuta mutu wa kubeba neno kwa miguu. Halibebwi kwa karatasi, karatasi inakamatikaka. Linabebwa mu kichwa. Donc, basi, balimukamata Maliro. Sasa hii anakimbia Lubero, Kayna, Lubero, Kayna.

— Na atasimama wakati gani? aliuliza Redio.

— Wakati batatengeneza redio.

— Eh Nyamuhanga, Mungu wangu! Basi hatutamuona tena.

— Muzee, alisema Asumani polepole, Maliro hasemaki hata “habari” mara mbili. Nani atamupatia neno abebe?

— Njo maana balimuchagua! Mutu wa kunyamaza.

Redio alikunywa kahawa yake yote, akaweka kikombe chini ya ubao. Akatazama upande wa bariyeri, akashusha sauti.

— Mi sipendi kusema. Mais ile mbio yake. Mutu anapata wapi ile mbio? Mi nilisikia Basimba balikuwa banachanjwa hapa, na hapa, banamwangiwa maji ya dawa, na kiisha banakimbia kama upepo.

Nasiba aliweka mkono nyuma, akamgusa mtoto. Hayo si maneno ya kusema barabarani. Watu walikuwa wamefungwa kwa maneno mafupi kuliko hayo.

Asumani hakukasirika. Nasiba alidhani atasimama, lakini alibaki amekaa, mikono juu ya magoti.

— Redio, wewe uliona Basimba banapita hapa?

— Niliona.

— Walikuwa na sheria ya dawa yabo. Ni nini?

— Usikule chakula cha mwanamuke wa...

— Ingine.

— Usiguse mutu. Na usigeuke nyuma. Ukigeuka nyuma, dawa inakufa.

— Basi. Maliro aligeuka nyuma kila siku ya Mungu. Aligeuka kwa ajili yangu. Kama alikuwa na dawa, mi njo niliiua.

Redio aliinamisha kichwa.

— Nilikuwa nasema tu, ndugu yangu.

— Najua.

— Ni mudomo.

— Najua ni mudomo. Mama Sikitu, mupatie Redio kahawa ingine.

Nasiba alimpa, akaijaza mpaka juu, na Redio aliipokea kwa mikono miwili kama mtu aliyesamehewa kanisani.

Kapita aliona mazungumzo yameanguka, akataka kuyainua.

— Mi nitawaambia kwenye iko. Alipanda Ruwenzori.

— Kufanya nini kule?

— Kupumuzika. Kule juu hakuna serikali. Hakuna Basimba, hakuna basoda, hakuna bariyeri. Kuko barafu tu. Maliro alifikiri, akasema, mi nimechoka, wacha nikimbie mpaka kwenye nchi inaisha.

— Na atakula nini?

— Barafu.

— Na paa atatengenezea nani?

— Hakuna paa! Njo uzuri wake. Mutu wa mapaa anachokaka na mapaa.

— Mi pia ningeenda, alisema Redio.

— We ungerudi kesho, kuleta habari.

Walicheka kidogo wote, na kicheko kikaisha mara moja. Kamiyo moja ilikuwa inapanda polepole kutoka upande wa Kayna, imejaa magunia ya viazi na watu juu ya magunia. Walisubiri kelele zake zipite.

— Ao amekufa, alisema Asumani.

Alisema kama mtu anavyosema mvua imenyesha. Kapita alikohoa. Sikitu aliamka mgongoni akaanza kulia, na Nasiba alishukuru, kwa sababu alipata kitu cha kubembeleza.

Kamiyo ilisimama mbele yao. Akashuka mwanamke mnene wa makamo, nguo zake zina vumbi la viazi. Jina lake lilikuwa Masika, na alitoka Kayna. Dereva alimteremshia vikapu viwili.

— Wavukire, alisalimia kwa Kinande.

— Wavukire, mama. Kaa. Karibia.

Redio alimpisha kwenye ubao. Masika alikaa, akapokea kahawa, akainywa ikiwa moto. Akamtazama Asumani, akatazama viatu vyake vya turubai.

— Huyu iko na musiba?

— Anamutafuta mwenzake, alisema Nasiba. Rafiki yake ya kukimbia. Fundi Maliro. Tangu ile mvua ya upepo hajaonekana.

— Alienda Uganda, alisema Redio.

— Iko Lubero, alisema Kapita.

Masika aliwasikiliza wote wawili, Uganda na Lubero, mayai na redio iliyoharibika, na akanywa mpaka kahawa ikaisha. Kisha akafuta mdomo kwa nyuma ya mkono.

— Sasa huyu Maliro, analalaka wapi?

Redio alishusha kikombe chake chini, Asumani akatazama bariyeri.

Kapita ndiye aliyepona kwanza, na alipona kwa hasira.

— Mama, kwa nini unauliza vile?

— Niliuliza vibaya?

— Hapa hatuulizaki kwenye mutu analala!

Masika alishangaa, lakini wao wanne walielewana. Kwao Kayna labda ilikuwa salamu ya kawaida. Hapa, wakati wa Basimba, vijana walikuwa wanapita na swali lile lile, kwa upole, hata kwa kicheko: karani fulani analala wapi? Mtu akajibu bila kufikiri, na usiku karani akachukuliwa. Askari wa serikali waliporudi, nao wakauliza vile vile, juu ya watu wengine. Watu wakajifunza. Ukimpenda mtu, usijue nyumba yake. Usipoijua, hata wakikupiga huwezi kuitoa. Hivyo kutokuuliza kukawa ndiyo heshima, na marafiki wa kweli walikutana njiani, wakaachana njiani, na hakuna aliyetazama mwenzake anapinda kona ipi. Nasiba mwenyewe alikuwa amehama nyumba zaidi ya mara moja, na hakuna aliyemuuliza amehamia wapi. Alikuwa akishukuru. Aliona ni wema mkubwa.

— Siulizi kwa ubaya, alisema Masika. Nasema tu, kama mutu hayuko, banaenda kwake, banabisha. Nani hapa anajua kwake?

— Ni kule, alisema Redio, akaonyesha kwa mdomo kilima cha Furu.

— Wapi! alisema Kapita. Maliro anashukiaka huku. Akaonyesha Katwa.

Wote wawili walimgeukia Asumani, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa naye kila asubuhi ya Mungu. Asumani aliinua mkono. Mkono ulienda upande wa Vungi, ukasita, ukarudi upande wa Katwa, ukashuka juu ya goti.

— Mi hapana jua, alisema. Nilikuwa namukuta hapa. Namuacha hapa.

Nasiba aliona macho ya mume wake yamejaa maji. Miaka yote ile, bega kwa bega, na walikuwa wamependana vizuri hivyo mpaka wamepotezana.

— Na yeye anajua kwako? aliuliza Masika.

— Hapana.

— Si angetuma mutoto hapa kwa kahawa?

— Mutoto apite kwa bariyeri na jina ya mutu mukubwa mu kinywa? alisema Asumani. Basoda batamuuliza, nani amekutuma, analala wapi? Maliro hawezi kufanyia mutoto vile.

Masika alifikiri. Alikuwa na uso wa mtu anayefikiri kwa faida ya wengine.

— Mi naenda na vikapu vyangu nyumba kwa nyumba. Furu, Katwa, Vungi, yote. Nitauliza.

— Batakuambia habamujui, alisema Kapita. Hata muke wake akiwa mulangoni, atakuambia hamujui. Njo tunafanyaka. Utapita mbele yake na viazi vyako, yeye iko ndani anasikia.

— Basi nifanye nini?

Redio aliinama sikioni kwa Kapita, na Nasiba alisikia alichosema: huyu mama hatumjui, na kamiyo ile ilisimama vizuri sana mbele yetu. Kapita alitikisa kichwa. Asumani alianza kufungua kamba za viatu, ingawa jua lilikuwa halijawa kali.

Nasiba alimtazama Masika. Aliona vikapu vyake: juu ya viazi alikuwa amefunika nguo safi, ili wanunuzi wasipate vumbi analolipata yeye. Aliona kikombe, amekiweka chini kifudifudi ili inzi wasiingie. Si kitu kikubwa. Lakini Nasiba hakuwa na kipimo kingine.

Aliogopa. Alimpakata mtoto mbele, akamshika kwa nguvu.

— Mama Masika, alisema. Usiulize yeye analala wapi. Sema sisi tunalala wapi.

— Mama Sikitu! alisema Asumani.

— Sema kila nyumba, kama habari tu, hata kama hawakuulizi. Sema: Asumani wa mbio anamutafuta rafiki. Analala nyuma ya mashine ya kusaga mihogo, njia ya maji, nyumba ya udongo yenye mulango wa bati ya bluu. Muke wake ni Nasiba. Bariyeri hakuna kule. Mutoto anaweza kupita.

Alikuwa ameshasema. Maneno yalikuwa nje, barabarani, mchana, na hayakuweza kurudi. Asumani alimtazama kama aliyemwona mara ya kwanza, kisha akamtazama mtoto, kisha bariyeri. Akazifunga tena kamba za viatu.

— Nyuma ya mashine ya kusaga, alirudia mwenyewe, kwa sauti ya juu zaidi. Mulango wa bluu. Sema vile, mama. Wasingya, asante.

Kapita aliguna muda mrefu. Alikuwa mzee, na alikuwa amenyamaza miaka.

— Mi nalala Vuhika, alisema. Chini ya mikaratusi, kwa mutoto wangu Malachie. Kama haoni mulango wa bluu, aulize kwangu.

Akabaki Redio. Wote walimtazama, na mtu yule wa maneno mengi akawa anakwaruza ubao kwa ukucha.

— Redio?

— Mi... Aligeuka, akaonyesha kwa kidole ukuta mweusi wa duka la Nassoro, hapo hapo nyuma ya migongo yao. Ndani. Kuko kipande cha bati kilibaki.

— Tangu lini?

— Tangu nyumba yangu.

Hakumaliza, na hawakumwomba amalize. Kapita alisogea kidogo kwenye ubao ingawa nafasi ilikuwepo. Nasiba alitikisa birika, akasikia lina kitu bado, akammiminia Redio kilichobaki pamoja na makapi yake. Masika alijitwika kikapu kimoja, Asumani akambebea cha pili mpaka kwenye kona, akitembea. Nasiba aliwasikia wanaenda, Masika akijifunza maneno: mashine ya kusaga, njia ya maji, mlango wa bluu.

Jumapili ile, kabla ya misa ya pili, msichana wa Vungi, ambako Masika alikuwa amepita na viazi vyake, alibisha kwenye mlango wa bluu. Maliro alikuwa hai, kwa shemeji yake, mguu umefungwa vijiti, ameanguka kutoka juu ya paa siku moja baada ya mvua. Mfupa uliunga vibaya na hakukimbia tena. Asumani na Redio walikimbia mpaka kwake kila asubuhi, hadi mwaka ambao Nasiba na Asumani walihamia Beni.